Pampu imekufa, au umeambiwa tu imekufa?

*Magari ya michezo yaliyotumika Ulaya, Marekani na Ghuba hufika Kigali bila historia yake. Yakizima njiani, muuza mafuta, fundi na muuza spea hunyoosheana vidole, na anayelipa ni mwenye gari.*

Na Mwandishi Wetu, Kigali

JUA la saa nane mchana lilikuwa kali pale gari jekundu la milango miwili lilipoanza kusitasita kwenye mwinuko wa KG 9 Ave, Nyarutarama. Likavuta, likaachia, likavuta tena. Kisha mngurumo uliokuwa ukigeuza shingo za wapita njia ukakatika ghafla.

Dereva akawasha hazadi na kuliachia lijisogeze hadi kando, gurudumu moja likiwa ukingoni mwa mtaro. Akapiga stata. Injini ikazunguka vizuri, betri haina neno, lakini haikushika. Kwenye dashibodi taa ya akiba ya mafuta ilikuwa inawaka, na kwa maelezo yake mwenyewe ilikuwa hivyo tangu jana yake.

Washauri hawakukosekana. Mlinzi wa nyumba ya jirani alisema mafuta yameisha. Mwendesha moto, pikipiki ya abiria, aliyesimama kutazama alisema plagi. Rafiki aliyepigiwa simu hakuuliza hata swali moja: alisema pampu ya mafuta imekufa, kisha akatuma picha ya pampu mpya iliyoko dukani Dubai, na bei yake.

Fundi alifika baadaye kwa moto, mkoba mgongoni. Alimwomba dereva afungue swichi bila kupiga stata, naye akainama nyuma ya gari, sikio karibu na tangi. Kimya. Akaomba swichi ifungwe na kufunguliwa tena, safari hii akigonga kitako cha tangi kwa nyundo ya mpira. Ukasikika mlio mwembamba wa sekunde mbili hivi, ukanyamaza. Stata ikapigwa, injini ikashika.

Basi ilikuwa pampu kweli. Lakini ilipotolewa ndani ya tangi kule gereji, ilikuja na ushahidi mwingine. Kichujio chake cha wavu kilikuwa kimevaa tope la kahawia, mchanganyiko wa kutu na vumbi. Tangi la gari lile ni la plastiki, kwa hiyo kutu hiyo haikuzaliwa humo. Iliingia pamoja na mafuta. Na plagi ya umeme inayoiunganisha pampu na gari ilikuwa imeungua pini moja.

Pampu mpya ingefungwa juu ya tope lile na waya ule, nayo isingechukua muda kufuata njia ya mwenzake. Hapo ndipo penye hoja. Pampu ya mafuta haifi bila sababu, na mara nyingi haifi bila kutoa taarifa. Anayekimbilia kununua nyingine kabla ya kujua kilichoiua ya kwanza analipia ugonjwa uleule mara mbili.

Kazi yake ndani ya tangi

Katika magari mengi ya leo pampu hukaa ndani ya tangi, imezama kwenye petroli. Ni mota ndogo ya umeme yenye feni inayosukuma mafuta kuelekea injini. Petroli inayopita katikati yake ndiyo inayoipoza na kuilainisha.

Watu hushangaa kwamba mota inazunguka ndani ya petroli bila kulipuka. Moto unahitaji hewa, na ndani ya petroli, pamoja na mvuke mzito uliofungiwa juu yake, hewa haitoshi kuuwasha.

Kwenye injini zenye nozeli za kawaida, pampu hii husukuma mafuta kwa presha ya baa 3 hadi 5 hivi. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na magari mengi mapya ya michezo ni ya aina hiyo, zina pampu ya pili. Hiyo huzungushwa na injini yenyewe na hupandisha presha hadi baa 200, na katika injini za karibuni hadi 350.

Kwa hiyo ukiambiwa pampu imekufa, uliza kwanza ni ipi. Zinakaa sehemu mbili tofauti, bei zake haziko karibu, na dalili zake hufanana mno kiasi kwamba sikio peke yake halitoshi kuzitenganisha.

Nyuma ya pampu kuna mlolongo mwingine: fyuzi, rilei, kisanduku cha kudhibiti mwendo wa pampu, waya, na mfumo wa ulinzi unaokata mafuta pale gari lisipoutambua ufunguo. Kikiharibika kimojawapo, pampu nzima husimama na dereva huona kitu kilekile.

Wenye Porsche 944 na baadhi ya 911 za miaka ya 1980 wanalijua hili. Magari hayo yana rilei moja ndogo inayopeleka umeme kwenye kompyuta ya injini na kwenye pampu ya mafuta. Ikichoka, gari halishiki. Wengi wao hutembea na rilei ya akiba kwenye droo ya dashibodi.

Baadhi ya Ford na Jaguar za zamani nazo zina swichi ya usalama inayokata umeme wa pampu gari linapogongwa. Swichi hiyo inaweza kuruka hata kwa kishindo cha tuta, na dawa yake ni kubonyeza kitufe.

Tangu Safari Rally hadi Bahrain

Afrika Mashariki si mgeni wa magari ya michezo. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na ikarudia mwaka 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1978 Vic Preston Jr alimaliza wa pili kwa Porsche 911.

Datsun 240Z za kwanza zilizouzwa madukani zilikuwa na kabureta na pampu ya kusukumwa na injini, iliyofungwa huko mbele kwenye joto. Pampu hiyo ilinyonya mafuta kutoka tangi lililo nyuma kabisa ya gari. Kunyonya kuna udhaifu wake, na aliyewahi kunywa soda kwa mrija uliotoboka anaujua: ukivuta, unapata hewa.

Injini ikipata joto kali, petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba na pampu ikazungukia patupu. Mahali palipoinuka hali huwa mbaya zaidi. Sehemu kubwa ya Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100, na petroli nayo huwahi kugeuka mvuke.

Watengenezaji walipoihamishia pampu ndani ya tangi, ikawa inasukuma badala ya kunyonya, na tatizo la mvuke likapungua sana. Lakini kila faida ina gharama yake. Kifaa kikafichwa chini ya kiti cha nyuma au juu ya tangi ambalo lazima lishushwe, na uhai wake ukategemea kuzama kwenye mafuta.

Wala utaalamu wa hali ya juu si kinga. Desemba 2024, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilipokutana Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mashindano ya Formula One. Wapenzi wa mchezo huo hawajasahau Bahrain, Machi 20, 2022. Magari yote mawili ya Red Bull, la Max Verstappen na la Sergio Pérez, yalikwama katika mizunguko ya mwisho kwa sababu mafuta hayakuwa yakifika kwenye injini.

Kama timu yenye mamia ya wahandisi inaweza kuachwa njiani na mfumo wa mafuta, mwenye gari la mtumba mwenye simu na rafiki wa Dubai hana sababu ya kuona haya.

Mshukiwa wa kwanza: mafuta

Gari likizima muda mfupi baada ya kujaza, lawama huenda kituoni. Lawama hiyo ina historia.

Rwanda haina bahari. Petroli yake hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, kisha husafiri kwa malori. Kutoka Dar es Salaam pekee ni takriban kilomita 1,500. Bei ya rejareja hupangwa na mamlaka ya udhibiti, RURA. Lakini kati ya meli na tangi la gari lako kuna maghala, malori na matangi ya chini ya ardhi, na kila kituo ni nafasi ya maji au kutu kuingia.

Jirani zetu wamepambana pia na uchakachuaji. Tanzania ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba kwenye mafuta ili kubaini yaliyochanganywa, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa ikiwavutia wachanganyaji. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Kwa pampu, hata hivyo, adui mkubwa ni maji na uchafu. Maji hayalainishi kama petroli, na hula sehemu za shaba zinazopitisha umeme ndani ya mota. Uchafu huziba kichujio cha wavu, pampu ikalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, ikala umeme mwingi, ikapata joto. Umeme huo mwingi ndio huunguza pini za plagi, kama ilivyoonekana kwenye gari la Nyarutarama.

Wauza mafuta nao wana utetezi. Kama shehena ni mbovu, haizimi gari moja. Siku ya mafuta mabaya, magari kadhaa yaliyojaza kituo kimoja huishia gereji ndani ya saa chache. Gari moja likizima peke yake, anza kuchunguza gari.

Njia ya kumaliza ubishi ni rahisi. Chota mafuta kutoka tangini, yatie kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, uyaache yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hujitenga na kukaa chini. Chupa hiyo, pamoja na risiti ya kujazia, ni ushahidi wa kwenda nao mbele ya mhusika. Hasira peke yake si ushahidi.

*Siku ya mafuta mabaya, halizimi gari moja. Gari moja likizima peke yake, anza kuchunguza gari.*

Mshukiwa wa pili: dereva

Hapa mwenye gari huwa hapendi kusikiliza. Kutembea na taa ya akiba kila siku ni tabia ya mijini, na pampu ndiyo hulipia.

Mafuta yakiwa kidogo, pampu hubaki imejitokeza hewani na haipozwi vya kutosha. Mafuta hayo machache nayo huzunguka kwenye joto na kupanda nyuzi haraka. Kwenye mji wa milima, yaliyobaki hukimbilia upande mmoja wa tangi gari linapopanda au kukata kona, pampu ikameza hewa.

Magari mengi ya michezo yana tatizo la ziada la umbo. Kwa sababu shafti au ekzosi hupita katikati, tangi hugawanywa sehemu mbili, kulia na kushoto. Pampu iko upande mmoja, na mafuta ya upande wa pili huhamishiwa huko kwa kifaa kidogo cha kuvuta. Kifaa hicho kikiziba, geji inaweza kuonyesha kuna mafuta huku pampu ikikaukiwa.

Tatizo la pili la magari haya ni kukaa. Mengi ni ya Jumamosi na Jumapili. Mwenye gari husafiri, gari likabaki limefunikwa turubai kwa miezi. Petroli iliyokaa hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando wa kunata, na pampu iliyolala humo huamka kwa shida au haiamki.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kabla ya kufa, pampu nyingi hutoa mlio mkali kuliko kawaida nyuma ya gari. Injini huchelewa kushika asubuhi. Gari hukosa nguvu mlimani au linapokimbizwa, huku likienda vizuri tambarare. Linaweza kuzima likiwa na joto, kisha likawaka baada ya kupoa kana kwamba halikuwa na neno.

Anayepuuza dalili hizo kwenye injini yenye tabo hubeba hatari nyingine. Injini hiyo ikinyimwa mafuta huku inavutwa kwa nguvu zote, moto ndani ya silinda hupanda joto kupita kiasi na unaweza kuyeyusha pistoni. Hapo utasahau bei ya pampu.

Mshukiwa wa tatu: kiwanda

Wapo pia wenye magari wasio na kosa lolote. Mafuta yao ni safi, tangi halijawahi kukauka, na bado pampu ikawafia mikononi kwa sababu ilitoka kiwandani na kasoro.

Mfano mkubwa ni wa kampuni ya Denso ya Japani, ambayo pampu zake hufungwa kwenye magari ya kampuni nyingi. Ilibainika kwamba feni ya plastiki ndani ya baadhi ya pampu hizo ingeweza kunyonya mafuta, kuvimba na kukwama. Toyota ilianza kuita magari yarudishwe kurekebishwa Januari 2020, na kabla ya mwaka huo kwisha idadi ya yaliyoitwa Marekani pekee ilipita milioni 3. Miongoni mwake ilikuwamo Lexus LC, gari la michezo la milango miwili. Mwaka 2021 Mazda iliita magari yake, zikiwamo baadhi ya MX-5, na Desemba 2023 Honda ikatangaza wito mwingine mkubwa.

Kabla ya hapo, Oktoba 2010, BMW iliita Marekani magari takriban 130,000 yenye injini ya tabo mbili, yakiwamo 335i na Z4, kwa sababu ya pampu ya presha kubwa. Na Julai 2025 Ford iliita Marekani magari zaidi ya 850,000, baadhi yake Mustang, kwa kasoro ya pampu ya ndani ya tangi. Katika wito huo wa Ford ilielezwa kwamba uwezekano wa kuzima huongezeka wakati wa joto na mafuta yakiwa kidogo.

Yasome tena hayo mazingira mawili, joto na mafuta kidogo, kisha fikiria mwinuko wa Nyarutarama saa nane mchana na taa ya akiba inawaka.

Gari linapoitwa, kiwanda hubadilisha kifaa bila malipo. Lakini barua huenda kwa mmiliki anayejulikana katika nchi lilikouzwa. Gari likishauzwa mnadani, likapanda meli na kufika Kigali kupitia Dar es Salaam, barua huishia kwenye anwani ya mtu ambaye pengine ameshalisahau.

*Gari huvuka bahari na mipaka. Barua ya kiwanda hubaki kwenye anwani ya mmiliki wa zamani.*

Rwanda ina upekee wake hapa. Tangu mwaka 2005 ilizuia kuingiza magari ya usukani wa kulia, kwa hiyo Subaru WRX STI za Kijapani zinazotamba Nairobi na Kampala si chaguo rahisi kwa Mnyarwanda. Magari ya michezo ya Kigali hutafutwa kwenye masoko ya usukani wa kushoto: Ubelgiji, Ujerumani, Marekani, Kanada na Ghuba.

Hilo lina afueni moja. Magari ya masoko mengi ya namna hiyo hubeba namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, mfumo uliosawazishwa Marekani tangu 1981. Kwa gari lililouzwa Marekani, namba hiyo ikiingizwa kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, huonyesha bila malipo kama kuna wito ambao haujatekelezwa. Kampuni nyingi zina huduma hiyo kwenye tovuti zao. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia namba fupi zaidi, nayo hutafutwa kwenye mifumo ya Kijapani.

Gatsata, Kisekka au Dubai

Baada ya kuthibitisha kwamba pampu imekufa, hufuata ubishi mkali kuliko wote: inunuliwe wapi?

Upande mmoja wapo wanaosema spea ya gari la michezo lazima iwe orijino, kwa namba ya kifaa. Upande wa pili wapo mafundi wa Gatsata, eneo la gereji na maduka ya spea kaskazini ya Nyabugogo kwenye barabara ya kwenda Uganda, wanaosema pampu ni pampu mradi presha ilingane. Kampala wana Kisekka, Nairobi wana Grogan, Dar es Salaam wana Gerezani, na ubishi ni huohuo.

Mafundi hawa hawakosei kwa kila gari. Pampu za mtindo wa zamani, zenye waya mbili na mwendo mmoja, hutofautiana kwa presha, wingi wa mafuta na umbo. Fundi anayejua kazi yake anaweza kuipata inayolingana na kuifunga kwenye kikombe cha asili, gari likaenda miaka. Wala pampu haina habari usukani uko upande gani; ya gari la Nairobi inaweza kuingia kwenye la Kigali.

Kwa magari mapya hali ni nyingine. Pampu nyingi sasa huongozwa na kompyuta inayopunguza na kuongeza mwendo wake, na baadhi hazitumii brashi bali hutegemea kisanduku maalumu cha umeme. Ukiifunga pampu ya kawaida humo, ama haizungushwi kabisa, ama inazunguka ovyo na kuunguza kisanduku chenye thamani kuliko yenyewe.

Pampu ya mtumba kutoka gari lililovunjwa Sharjah au Ulaya huwavutia wengi kwa bei. Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye imebakiza umri gani, na kama ni ya kundi lililoitwa na kiwanda, umenunua kasoro ileile. Kuna kikwazo kingine ambacho wengi hukigundua kwenye ofisi ya mizigo: mashirika ya ndege huhesabu kifaa chenye mabaki ya petroli kuwa mzigo hatari. Pampu iliyotoka tangini ikiwa bado inanuka inaweza kukataliwa.

Mpya kutoka Dubai au Brussels inaweza kuja kwa ndege, lakini piga hesabu kamili: nauli, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Picha aliyotuma rafiki ilikuwa na bei ya dukani tu.

Feki ni hatari ya tatu. Boksi lenye jina la kampuni kubwa halithibitishi kitu. Namba ya kifaa iliyochongwa kwenye pampu ilingane na ya boksi na ya ile iliyotolewa, na muuzaji mwaminifu hakatai kuandika namba hiyo kwenye risiti ya EBM, mashine ya kielektroniki ya kodi.

Kabla ya kununua pampu

Hatua hizi humchukua fundi mwenye vifaa muda usiozidi saa chache:

• Hakikisha kuna mafuta. Geji inaweza kudanganya. Ongeza lita chache.

• Fungua swichi bila kupiga stata, sikiliza nyuma ya gari. Mlio wa sekunde mbili tatu ni dalili kwamba pampu inapata umeme na inazunguka. Baadhi ya magari huanza kuzungusha pampu pale tu mlango wa dereva unapofunguliwa.

• Angalia fyuzi. Kama imeungua, usifunge kubwa zaidi, tafuta kilichoiunguza.

• Badilishana rilei ya pampu na nyingine ya aina ileile, kwa mfano ya honi.

• Pima umeme kwenye plagi ya pampu, pampu ikiwa imeunganishwa. Kwa pampu ya mwendo mmoja, betri ikiwa na volti 12 na pampu inapata 8 au 9, mgonjwa ni waya au plagi.

• Pima presha kwa geji, injini ikiwa inaunguruma na baada ya kuzimwa. Presha ikishuka haraka baada ya kuzima, inavuja mahali.

• Soma kompyuta ya gari kwa mashine, ukijua kwamba msimbo wa hitilafu huonyesha pa kuanzia uchunguzi na hauamrishi cha kununua.

• Pampu ikitolewa, kagua kichujio cha wavu na sakafu ya tangi. Safisha tangi, badilisha kichujio na plagi iliyoungua kabla ya kufunga mpya.

Kazi ya kufungua tangi si ya kufanyia barazani. Betri itolewe waya, presha ipunguzwe, mahali pawe na hewa ya kutosha na kizima moto kiwe karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi uikute sigara au jiko mbali na gari.

Likizima nawe barabarani

Gari likizima kwenye mwendo, usizungushe ufunguo hadi mwisho, maana usukani unaweza kujifunga. Breki bado zina msaada wa kukanyaga mara moja au mbili kabla hazijawa ngumu, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa uthabiti, usipapase. Usukani katika magari mengi huwa mzito lakini hufanya kazi.

Washa hazadi, toka kando, weka pembetatu nyuma ya gari. Kwenye mwinuko weka gari gia, vuta breki ya mkono na uelekeze magurudumu kwenye ukingo wa barabara. Ukisikia harufu kali ya petroli, usipige stata tena. Watoe watu ndani na uite msaada. Nchini Rwanda namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya ajali za barabarani ni 113.

Kugonga tangi kwa nyundo ya mpira ni njia ya kufikia gereji tu. Pampu iliyoamshwa kwa kugongwa mara nyingi brashi zake zimekwisha, na mara ya pili huenda isiitikie. Likishika, nenda moja kwa moja kwa fundi.

Hukumu

Kati ya washukiwa watatu, hakuna aliye safi kabisa, lakini mwenye gari ndiye peke yake mwenye uwezo wa kuwadhibiti wote. Hawezi kukagua meli Dar es Salaam. Anaweza kutunza risiti na kuacha kutembea na akiba. Hawezi kusimamia kiwanda. Anaweza kuingiza namba ya chasisi kwenye tovuti kabla hajalipa. Hamzidi fundi ujuzi. Anaweza kukataa kulipia pampu ambayo hakuonyeshwa vipimo vyake.

Waagizaji wa magari nao wana wajibu. Anayeuza gari la michezo Kigali kwa mamilioni ya faranga ashindwe vipi kuambatisha karatasi moja inayoonyesha kama namba ya chasisi ina wito wa kiwanda? Mnunuzi aidai karatasi hiyo kabla ya kutoa fedha. Na mamlaka ya ukaguzi na ulinzi wa walaji, RICA, ikifanya karatasi hiyo kuwa sharti la mauzo, itakuwa imewaokoa wengi.

Wewe uliye na gari la aina hii, kesho asubuhi soma namba iliyo chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, uitafute. Kisha jaza tangi angalau robo, na usiruhusu lishuke chini ya hapo.